Rudi Nyuma Kidogo

"Rudi nyuma kidogo," Eleuterio alinong'ona, jicho moja kalifumba, jingine kalibandika kwenye kamera. "Kofia yako inaziba ziwa."

"Nikirudi zaidi nitatokea Kolombia," mkewe Hermelinda akamjibu, naye kwa kunong'ona.

"Kidogo tu, mama. Hapo... bado..."

Walinong'ona kwa sababu ziwa lilikuwa pale chini yao, na kwenye milima ya Mérida hakuna mtoto aliyelelewa akalelewa asijue kwamba ziwa la mlimani halipigiwi kelele. Ukilipigia kelele linaghadhibika, linaita ukungu, ukungu unaita mvua ya mawe, na mwenye domo harudi kwao. Wageni wa Caracas huyacheka mambo haya. Lakini Eleuterio huapa kwamba alimwona kwa macho yake mtu wa Maracaibo aliyepiga chafya mahali pale, na iliyorudi mjini ni suruali yake tu.

Tangu washuke kutoka kwenye behewa linaloning'inia kwenye waya, mzee alikuwa amepiga picha kila kitu: kilele, mbwa wa walinzi, hata arepa, mkate wa mahindi aliokuwa ameshauuma. Sasa akabonyeza tena, akainua kichwa.

Hermelinda hayupo.

Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni kimyakimya kama paka aliyeona maziwa. Aliposimama mkewe palikuwa na weupe mtupu. Na nyuma ya weupe ule, sasa ndipo alipokumbuka, palikuwa na genge linaloporomoka hadi ziwani. Nani aliyemwambia arudi nyuma?

Akaishusha kamera.

"Hermelinda," akanong'ona. Kimya. Akanong'ona kwa nguvu, kama mtu anayezima mshumaa ulio nyumba ya jirani. Kimya.

Jiwe likabingirika mahali fulani. Likagonga, likagonga tena, kisha maji yakasema *chubwi*. Eleuterio akajishika kifua. Lilikuwa jiwe kweli?

Akatambaa kwa tumbo, akipapasa ardhi kwa mikono ili asije akaifuata njia ya jiwe lile. Vidole vikagusa koti la sufu, lenye maji, baridi kama maiti. Akalikumbatia. "Nisamehe, mama! Sitashika kamera tena maisha yangu!"

Koti halikujibu. Lilikuwa frailejón, mmea ule wa nyikani wenye kimo cha mtu na majani ya manyoya. Mzee akalia akiwa ameukumbatia vivyo hivyo.

Akipiga kelele, ziwa litakasirika. Na kama mkewe ananing'inia ukingoni, mvua ya mawe itammaliza. Akinyamaza, je? Atakaa akisikiliza mawe yakidondoka? Akavuta pumzi mpaka vifungo vya shati vikalia.

"HERMELINDAAA!"

"Fyata mdomo, mzee!" sauti ikafoka karibu na kwapa lake. "Unataka kutuua?"

Hermelinda alikuwa amechutama upande wa pili wa mmea uleule, kiganja mdomoni, macho yamemtoka.

"Uko hapa muda wote? Mbona hukuitika?"

"Niitike vipi, na ziwa lile linasikiliza? Nimekunong'oneza mpaka mate yamenikauka! Masikio yako yalistaafu kabla yako!"

Eleuterio hakupata nafasi ya kujitetea. Mbingu ikanguruma, na barafu ikaanza kushuka: si punje za mahindi, mayai ya bata matupu. Wakainama, wakaufuata waya uliokuwa ukilia juu yao kuelekea kituoni, yeye akiwa amekamata mkono wa koti la mkewe kwa mikono yote miwili. Weupe ulikuwa mzito kiasi kwamba mkono ule aliushika bila kuuona.

"Mpumbavu!" Hermelinda akafoka. Ziwa lilikwishaghadhibika, alikuwa na haja gani ya kunong'ona? "Mzee mzima, akili ya mbuzi!"

Akanyamaza ili aheme. Mara Eleuterio akaubinya ule mkono wa koti: sufu yenye maji, baridi, sawasawa na majani ya ule mmea.

"Sema tena, mama," akaomba. "Usiache. Nitukane mpaka tufike."