Ukuta wa Plaiwudi

Saumu aliwaacha dagaa wake wakikauka mchangani Kibirizi, kando ya ziwa, akamwomba mwenzake awageuze, akaja kliniki ananuka samaki hivyo hivyo. Leo, wallahi, lazima ajue.

Binti yake Zuleha, wa kidato cha tatu, tangu Ramadhani halali, hali, haongei. Mwalimu ndiye aliyeanza kumleta huku kwa Nesi Scola, mshauri wa vijana. Wakiingia, mlango unafungwa. Akirudi nyumbani ana macho mekundu, na neno hakuna. Mama mzima unaachwa nje ya mambo kama mpita njia! Saumu alikuwa na lake kichwani: mimba. Au basi wanamjaza maneno amchukie mamake.

"Shikamoo, mama," alisema Nesi Scola mlangoni, Zuleha akiwa tayari ndani.

"Marahaba. Mwanangu ana nini?"

"Anayosema humu ni siri yake, mama."

"Siri! Umemzaa wewe? Kama ana mimba sema, nijue moja."

"Hana. Akiwa tayari atakwambia mwenyewe. Kaa hapo kwenye benchi." Akaingia, akafunga mlango.

Wanajuana hawa wawili, aliwaza Saumu. Akakaa amenuna, katikati ya akina mama waliosubiri chanjo za watoto, nusu yao wa mtaani kwake Rusimbi. Mbona wamenyamaza? Wanawake wa Ujiji, benchi moja, kimya! Jirani yake Tausi alikuwa ameuvuta mtandio nyuma ya sikio.

Ndipo naye akasikia. Chumba hicho cha siri kilikuwa kimetenganishwa na benchi kwa plaiwudi tu.

"Siku ile ziwani sikuteleza," ilikuwa sauti ya Zuleha. "Nilijiachia."

Siku ile walimkausha, wakamcheka, wakamwambia awe anaangalia mawe. Ya Rabi! Na hawa wa benchini, wiki ngapi wanakuja hapa na kusikiliza? Aliyefichwa ni yeye peke yake.

"Nini kilikufikisha huko?" aliuliza nesi kule ndani.

Hicho hasa ndicho alichokifuata Saumu. Angetulia tu, angelisikia jibu. Akamtazama Tausi, kaegemea ukuta, mdomo wazi, anangoja.

Saumu akasimama. "Mswalieni Mtume!" alipaza sauti.

Muislamu gani atasikia hilo anyamaze? Benchi zima likaitikia, Tausi naye, kwa aibu. Kabla hawajameza mate akawapiga nyingine. "Mswalieni tena! Mbona sauti ndogo?" Watoto wakaanza kulia, na hiyo nayo ikasaidia.

Mlango ukafunguka. "Mama! Hapa ni hospitali, kelele za nini?"

"Jengeni ukuta, nitanyamaza. Funga mlango, ongea na mwanangu."

Nyuma ya nesi, Zuleha alikuwa amesimama, anamtazama mamake. Saumu alitamani kumkimbilia. Akawageukia wanawake badala yake, machozi yanamtiririka, koo linakwaruza. "Mswalieni Mtume!"

Mlango ukafungwa. Yaliyosemwa ndani hakuyasikia, wala Tausi hakuyasikia.