Siri Iliyouzwa Juu ya Turubai

Mtaani walimwita Kufuli, na jina lilimkaa kama kofia iliyopimwa kichwani. Miaka yote aliyotumikia jeshi hakuna aliyejua anafanya nini huko. Mama yake mzazi hakujua, mkewe hakujua, na husemwa kwamba hata mbu aliyemnyonya damu aliondoka ameshiba lakini hana habari yoyote ya kuwapelekea wenzake.

Ukweli ni kwamba alikuwa fundi wa redio. Si zile za kusikilizia mpira. Ni zile za chuma, rangi ya kijani, nzito kama dhambi, ambazo askari huzibeba mgongoni ili aseme na mwenzake aliye ng'ambo ya mlima. Zililetwa karakana zimelowa, zimepasuka, nyingine zimekanyagwa na lori, naye akazifungua, akalehemu waya zake, akazirudishia sauti. Kila aliyoimaliza aliitia nukta ya rangi nyekundu chini ya skrubu ya kushoto. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Lakini siku alipoingia karakana ile aliapishwa: ya humu yabaki humu. Wengine waliapa wakasahau. Yeye aliapa akameza.

Sasa kastaafu, nguvu bado anazo na watoto bado wanasoma, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa maneno mengi kama redio iliyong'oka kitufe cha kuzimia, alikwisha kata shauri kwamba Kufuli alikuwa mpishi.

"Shemeji, tuambie basi," alikuwa akisema mbele za watu. "Hivyo vitunguu navyo vilikuwa siri ya serikali?"

Kufuli alitabasamu akanywa chai yake. Shemeji, kwa wema wake, akamtafutia kazi ya ulinzi kwenye lango la ghala moja, akaleta na kofia kabisa, akaitundika msumarini sebuleni. Wakakubaliana: kama hajapata kitu kingine, Jumatatu anaivaa. Kufuli hakuwadharau walinzi hata kidogo. Tatizo lilikuwa mikono. Mikono iliyozoea bisibisi na waya mwembamba kama unywele ilikuwa imeanza kuwasha kwa kukaa bure, na akiiwazia ikishika rungu mpaka uzeeni, usingizi ulimpaa.

Kazi za ufundi zilikuwepo. Alikwenda kwenye kampuni ya majokofu, wakamwuliza alikuwa akitengeneza nini.

"Vifaa."

"Vifaa vya aina gani?"

"Vya kazi."

"Kazi gani?"

"Ya vifaa."

Wakampa maji ya kunywa, wakamshukuru kwa kuja. Kwenye kampuni ya minara ya simu mambo yalikuwa mabaya zaidi. Walimwuliza amefanya kazi muda gani, naye akawauliza wao wanataka kujua kwa nini. Msaili mmoja aliinuka akafunga dirisha, akidhani labda kuna mtu anawasikiliza.

Ikabaki nafasi moja: karakana ya hospitali kubwa, inayotengeneza mashine za wodini. Usaili Ijumaa. Mkewe alipoona barua ya wito, alikaa mbele yake kama hakimu.

"Baba watoto, hicho kinywa Mungu alikupa cha kulia tu?"

Kufuli akamweleza kwamba aliapa, na kiapo si shati la kuvua ukiingia nyumbani. Mke akamjibu kwamba basi amwulize aliyemwapisha. Kufuli akasema hilo nalo halisemwi kwenye simu. Mke akashusha pumzi, akachukua mkoba, akamwambia waende angalau wakamnunulie viatu vya kuingilia huko kwenye usaili, maana vyake vilikuwa vimeanza kucheka.

Sokoni kwenye vitu vilivyotumika, baina ya rundo la pasi na blenda zisizo na vifuniko, Kufuli alisimama ghafla hata mkewe akamgonga mgongoni. Juu ya turubai, katikati ya watu, iliketi redio ya kijani. Wazi. Kifuniko kimetolewa, matumbo yote nje, mama mmoja kaingiza kidole ndani akiuliza kama inafaa kuokea mikate.

Hapo Kufuli alifanya jambo ambalo ni mtu wa aina yake tu angelifanya. Alivua koti, akalitupa juu ya redio, akatanua mikono na kuwaambia watu warudi nyuma. Kwa sauti aliyoitoa, wateja walirudi, na jirani aliyekuwa akiuza sufuria akalala chini kabisa kwa usalama.

"Mzee, unaifunika ya nini?" muuzaji alisema bila hata kusimama. "Inunue kwanza, ndiyo uifunike."

Akaeleza kwamba zilikuja lori zima kutoka mnadani, hii ndiyo ya mwisho. Wateja wake wengi walizifanya viota vya kuku. Mmoja aliiwekea yake miguu minne, sasa ni meza ya chai.

Kufuli akapiga magoti. Akaingiza mkono chini ya koti, akapapasa, akainua kona moja kidogo na kuchungulia chini ya skrubu ya kushoto. Nukta nyekundu ilikuwepo, imechakaa, lakini ni ile ile. Alibaki pale muda, na mkewe akainama akidhani amepatwa na maradhi.

"Hii niliitengeneza mimi," Kufuli alisema.

Mkewe alimtazama, akaitazama redio, akamtazama tena.

"Kwa hiyo hukuwa mpishi," alisema polepole. Akaanza kucheka mpaka akashika pasi za watu asianguke.

Jioni ile Kufuli alimpigia afande wake wa zamani, mkuu wa ile karakana, ambaye naye alikuwa amestaafu. Alizungukazunguka kwa salamu, hali ya hewa na afya ya wajukuu, mpaka mzee mwenyewe akamwambia aseme. Akasema. Upande wa pili ukacheka kicheko kirefu cha kukohoa. Afande akamwambia zile redio zilitolewa kwenye huduma zamani, mnada ulitangazwa hadharani, na yeye mwenyewe anayo moja inayozuia mlango wa banda la mbuzi.

"Tulizungumza nini na tulikuwa wapi, hayo nenda nayo kaburini," alimwambia. "Lakini kulehemu waya si siri, kijana wangu. Sema mpaka koo likauke."

Kufuli aliweka simu, akavuta pumzi, na mkewe huapa kwamba vifungo viwili vya shati viliruka.

Ijumaa, mkuu wa karakana ya hospitali, mama mwenye ovaroli ya bluu na miwani iliyoning'inia shingoni, alimwuliza swali moja tu: alikuwa akitengeneza nini. Bwawa likapasuka. Mama alisimuliwa redio iliyokutwa na ukoo mzima wa siafu, na nyingine iliyotapika samaki mdogo mzima. Alisimuliwa nukta nyekundu. Alipomwuliza kuhusu mashine za watoto njiti, Kufuli alikiri wazi kwamba hajawahi kuigusa hata moja na angependa kufundishwa. Mama akamwonyesha pampu ya kunyonyea makohozi ya wagonjwa iliyokuwa mezani, akamwuliza angeanzia wapi.

"Fyuzi," Kufuli alisema, akaichomoa. "Hii inakaa mfukoni mwangu mpaka nimalize. Si mezani, si droo. Mwenzangu hawezi kuniwashia mashine mkono wangu ukiwa ndani."

Mama aliacha kuandika. Alisema tu kwamba atampigia kesho, mshindi au mshindwa.

Jumamosi Kufuli hakula. Shemeji alikuwa amekaa chini ya ile kofia, akimweleza namna ya kusimama langoni bila kuchoka, simu ilipolia.

"Pampu yangu imekufa," mama wa karakana alisema. "Jana asubuhi ilikuwa nzima kabisa, nilikuwekea mezani kwa mtihani tu. Leo nimeangalia, fyuzi haipo."

Kufuli aliingiza mkono kwenye mfuko wa suruali ya jana iliyoning'inia kambani, akahisi kile kichupa kidogo cha kioo. Akaanza kuomba radhi, akasema analeta sasa hivi, anakuja mbio.

"Usikimbie. Nilikuwa nayo nyingine," mama alisema, na sauti ilikuwa na kicheko ndani. "Hapa nina mafundi hodari, lakini fyuzi wanaziacha popote, na mmoja ana kovu. Ilete Jumatatu asubuhi. Njoo na nguo za kazi, hayo ya watoto njiti nitakufundisha mwenyewe."

Kufuli alikaa chini, akaiweka fyuzi juu ya meza, akaitazama kama pete ya harusi. Uso wake ulitosha kuwaambia. Shemeji akainuka taratibu, akaitungua kofia, akaivaa yeye, akasema ghala nalo haliwezi kukaa bila mtu.

"Kaa kwanza, shemeji," Kufuli alimwambia, akimvutia kiti. "Sijakusimulia habari ya siafu."

Alimsimulia. Akamsimulia na ya samaki, na ya lori, na ya nukta nyekundu. Chai ilipoa, ikapashwa, ikapoa tena, na yule shemeji wa maneno mengi akabaki akitazama mlango kama aliyefungiwa ndani.

Mwisho mke alimwekea mumewe bilauri ya maji. "Kunywa, baba watoto," alimwambia. "Na maneno ya kesho uyabakize."