Udongo Uliopata Kibali

Alhamisi moja ya Machi 2009, saa kumi na mbili na robo jioni, Eugénie alikuwa kwenye benchi la mbele la kibanda cha video pale Base Camp, kitovu cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, anachambua maharage huku akimtazama mumewe kwenye televisheni. Déo alikuwa studioni Mbarara, amevaa koti la kuazima lisilomfika viganjani, anaeleza kwa nini mahindi hugeuka manjano. Alipoanza kueleza habari ya mbolea, udongo ukaanza kudondoka kutoka chini ya kioo. Ulikuwa mweusi, wenye unyevu kidogo. Mwenye kibanda akaleta karai, akaukinga, akarudi kitini kwake.

Eugénie akaokota kibonge, akanusa. "Hii budongo ni ya kwetu Kabare," akamwambia jirani yake. Jirani naye akanusa, akakubali. Wakaendelea kutazama.

Kabla ya vita Déo alifundisha elimu ya udongo katika chuo kimoja cha Bukavu, Kongo, si mbali na kwao Kabare, na wanafunzi walimwogopa kuliko mitihani yake. Walikimbia mwishoni mwa 1996. Vyeti vyake viliungua pamoja na nyumba. Mwaka uliofuata, wakiwa kwenye foleni ya kuandikishwa Nakivale, ni Eugénie aliyemnong'oneza: "Baba Eliane, usiseme uko profesa. Sema uko mulimaji, batatupa shamba." Foleni nzima ilikuwa ikisema hivyo. Déo akasema. Karani akaandika "mkulima, hakusoma", maana mkulima aliyesoma hakuwa na kisanduku chake kwenye fomu. Shamba wakapata. Bwana mkubwa aliyeujua udongo kwa majina ya vitabuni akashika jembe, na kabla ya saa nne asubuhi malengelenge yalikuwa yamempasuka viganjani. Eugénie alicheka siku ile. Baadaye kicheko kilimwisha, kwa kuwa aliona neno lake moja limemfuta mumewe.

Miaka ikapita, hadi mtangazaji aitwaye Jolly alipokuja kupiga picha za soko. Alimkuta Déo katikati ya wauza mihogo, anawafokea kuhusu mmomonyoko. Kamera ikamgeukia, haikumwacha tena.

"Mzee, wewe unajua kuongea," Jolly alimwambia. "Kuja Mbarara kila Alhamisi. TV haiulizi cheti."

Na tangu Alhamisi ile ya Machi, udongo haukukoma kudondoka kwenye kila televisheni iliyomwonyesha Déo. Katika kambi ya jeshi ya Makenke, kule Mbarara, Mackline, mke wa sajini, wiki ya kwanza aliufagia huku akiulaani. Wiki ya pili aliujaza kwenye beseni, akapanda dodo, ule mchicha wa Uganda, majani yakatoka mapana kama sahani. Kufikia wiki ya tano kila nyumba ya askari ilikuwa na beseni chini ya televisheni, na kule kantini wanajeshi walipangiwa zamu ya koleo. Lalamiko lilikuwa moja tu, vumbi. Nakivale, watu wa Kabare walikuja kibandani na ndoo. Wengine walipanda mboga humo. Wengine waliuweka kwenye kopo karibu na kitanda, wakalala vizuri.

Mwaka 2011 akaja mkaguzi, kwa sababu udongo ulikuwa umevuka mpaka bila karatasi. Alichukua sampuli, akatazama vipindi vitatu vya Déo ili ajue anapima nini, akaandika alichosikia. Baada ya siku tisa udongo ulipata kibali chenye mhuri: asili yake Kabare, ubora wake daraja la kwanza, ukubaliwe popote Uganda.

Mwezi huohuo chuo kimoja cha Mbarara kikamtaka Déo akafundishe. Walihitaji barua moja tu kutoka ofisi ya wakimbizi pale Base Camp, ya kuthibitisha kwamba yeye ni msomi. Eugénie hakutaka kumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe dirisha la tatu, na nakala ya kibali cha udongo mkononi.

"Ni mimi nilikosa, shefu," alimwambia karani. "Ni mimi nilimwambia aseme uko mulimaji."

Karani aliitwa Hudson, na alikuwa na mche wa nyanya ndani ya kopo la maziwa, kando ya televisheni ya ofisi. Alikisoma kibali kwa heshima.

"Mama, hii iko sawa kabisa. Hii udongo inatoka Congo, wameipima." Akamrudishia. "Lakini mzee, karatasi yake inasema mkulima. Sasa mimi nitafanya nini? Wewe ngoja kidogo."

Eugénie akangoja. Mvumilivu hula mbivu, lakini aliyesema hivyo hakutaja ni za mwaka gani. Kila mwezi, kwa miaka miwili, alirudi dirishani. Kila mara Hudson alimpa kiti, akamwita mke wa Profesa, akamtuma aulize kwa nini nyanya zake zinaoza kitako. Déo akajibu kwamba zimekosa chokaa, na nyanya zikapona. Mwaka 2013 kadi mpya ya Déo ikatoka, imepakwa plastiki nzuri. Mkulima, hakusoma.

Chuo ndicho kilichopata njia. Kwa kuwa hakikuweza kumwajiri msomi asiyekuwepo, kilipanga ziara ya kumtembelea mkulima, kila Ijumaa, muhula mzima. Basi la kwanza lilifika saa tatu asubuhi, likashusha vijana arobaini na madaftari yao ukingoni mwa mahindi. Mhadhiri wao alikuwa na fomu. Penye "jina la mkulima" Déo alitia sahihi bila kuinua uso. Eugénie aliona, roho ikamuuma, akaingia ndani.

Huko nje Déo akakohoa mara mbili, akamwamuru kijana mmoja wa nyuma atoe mikono mfukoni, akaanza. Haikuwa sauti ya televisheni, ile ya kubembeleza watazamaji. Ilikuwa kavu, kali, yenye haraka, ile ambayo Eugénie alikuwa akiisikia dirishani chuoni Bukavu alipompelekea chakula, miaka kumi na saba iliyopita. Eugénie alikaa mkekani akalia, kwa furaha na kwa hasira pamoja. Halafu akajifuta uso, akatoka na kigoda, akaketi polepole nyuma ya wanafunzi wote.

Déo akakatiza somo, akamtazama.

"Wenye kuchelewa banakaa mbele," alisema.

Eugénie akabeba kigoda chake, akahamia mbele.