Upinzani katika Jamhuri ya Kaskazini-Kusini

Jamhuri ya Kaskazini-Kusini ilikuwa na raia milioni arobaini kwenye maandishi na watu kumi na mmoja kwenye simu. Jina hilo ilipewa baada ya waasisi wake kubishana wiki nzima kama nchi iwe kaskazini ya dunia au kusini, na kwa kuwa dunia yenyewe ilikuwa ya kubuni, ya huko mtandaoni, wakaona hakuna haja ya kutoana macho. Ulikuwa mchezo. Unajiandikisha, unapewa cheo, unaingia bungeni, yaani kwenye ukurasa wa mazungumzo, na unaandika hotuba kana kwamba kuna umati unakusubiri nje na bendera.

Waziri wa Nishati wa nchi hiyo alikuwa fundi friji. Duka lake lilikuwa na mafriji yaliyopanga foleni ukutani, mengi yakiwa ya wateja walioingia mitini walipotajiwa bei, na kazi za uwaziri alizifanya akiwa amekalia kreti, simu mkono huu, bisibisi mkono ule. Umeme wa taifa zima ulikuwa chini yake. Wa dukani ulikatika kila ulipojisikia.

Usidhani fundi alikuwa mpenda siasa. Rais wa Jamhuri alikuwa binti yake wa pekee, na hiyo ndiyo sababu nzima.

Nyumbani walimwita Chiriku tangu utotoni, kwa kuwa alikuwa haishiwi maneno. Akakua, akapata kazi ya kuchora ramani za majengo katika jiji la mbali, na akamwambia mama yake habari hiyo jioni ya kuamkia safari, kumbe alikuwa ameijua mwezi mzima. Mama yake alikuwa matroni wa bweni la wasichana, mtu aliyezoea kuambiwa mambo mapema. Alimjibu kwamba kama ameweza kupanga peke yake, basi aende peke yake, na asimpigie simu. Binti naye alikuwa amerithi shingo ngumu ya huyo huyo mama. Hakupiga. Na baba mtu, wakati hayo yote yanasemwa, alikuwa hapo hapo mezani, ameinamia kompresa ya friji la mteja, anaisugua kutu iliyokwisha kutoka zamani. Sasa mwaka wa pili ulikuwa unakaribia kwisha.

Kwake yeye binti alipiga, lakini zilikuwa simu za kukimbizana. Niko sawa, baba. Niko kazini, baba. Nitakupigia, baba. Ila kwenye ile Jamhuri Chiriku alirudi kuwa Chiriku. Aliandika kurasa kwa kurasa, alimtania Waziri wa Nishati mbele ya baraza zima, alimwuliza mipango yake ya mabwawa, na mabwawa yakiisha alimwuliza mgongo unaendeleaje. Fundi hakuwa na mahali pengine duniani pa kumkuta mwanawe akicheka.

Kwa hiyo siku wenye mtandao walipotangaza kwamba nchi yenye chama kimoja itahesabiwa imelala, na kwamba nchi zote zilizolala zitafutwa mwisho wa mwezi, fundi aliacha friji la mteja wazi akaurudia ujumbe huo mara tatu. Rais alilihutubia taifa. Alisema lazima mtu atoke chama tawala akaanzishe upinzani, chama cha watu wasiopungua watatu, na akaomba wa kujitolea. Waziri wa Fedha aliandika kwamba angependa sana, ila ana bajeti. Waziri wa Ulinzi, ambaye jeshi lake halijapata kumrushia mtu hata jiwe, alisema kuondoka kwake kungetikisa mipaka. Wengine wote wakaishiwa chaji kwa pamoja. Mwishowe fundi akapiga moyo konde, akajiuzulu uwaziri, akaandika kwamba anakwenda kuupinga utawala huu uliooza. Chini yake akaongeza neno moja: samahani.

Kumpinga mwanawe hakuwahi. Chiriku alipokuwa mdogo alitaka siku moja kulala na viatu, na alilala na viatu.

Wa kwanza kumsajili alikuwa rafiki yake, muuza vipuri wa duka la jirani. Huyu aliuliza kama kuna posho, akaambiwa hakuna. Akauliza kama kuna cheo, akapewa ukatibu mwenezi, akakubali palepale. Kumpata wa tatu ndiko kulikomtoa jasho. Mwenye saluni alisema yeye na siasa ni mbalimbali. Mchomelea mageti alisema atafikiria, na kwa jinsi anavyojulikana mtaani mpaka leo anafikiria. Ikabaki nyumbani.

Alimkuta mkewe anapiga pasi sare ya kazini. Alianzia mbali, akapita kwenye joto la siku hiyo, akagusa bei za vitu, akafika kwenye demokrasia. Mkewe alimwacha azunguke mpaka achoke.

"Na huyo Rais ni nani?" akauliza, bila kuinua macho.

"Ni mwanao."

Pasi ilisimama juu ya kola, kisha ikaendelea na safari yake.

"Mimi nilisema asinipigie simu," alisema Mama Chiriku. "Sikusema nisimpinge. Jina naandika wapi?"

Mkutano mkuu wa kwanza wa chama ulifanyika sebuleni, wajumbe wote watatu wakihudhuria. Fundi alipendekeza kiitwe Chama cha Upinzani wa Heshima. Mkewe akataka kujua upinzani wa heshima unapinga nini hasa, na kwa kuwa hakupata jibu, chama kikaitwa Chama cha Maswali. Kwenye alama muuza vipuri aliishikia bango kompresa, akaitetea machozi yakikaribia kumtoka, lakini wakaishia kuchagua ndoo, kwa kuwa ndoo haina maadui. Ukafuata uchaguzi wa viongozi, na Mama Chiriku akachaguliwa Kiongozi wa Upinzani. Fundi, mwasisi wa chama, aliyekitafutia wanachama kwa miguu yake mwenyewe, alitoka kwenye mkutano ule akiwa mwanachama wa kawaida.

Sheria za mchezo zilisema Kiongozi wa Upinzani ana haki ya kumwuliza Rais maswali kila siku, na Rais sharti ajibu mwenyewe, la sivyo serikali inaanguka. Fundi alikuwa hajaitia sheria hiyo maanani. Mkewe aliisoma mara moja tu.

Siku ya kwanza Mama Chiriku aliuliza raia milioni arobaini wanakula nini. Rais akajibu kwa takwimu, tani kadhaa za nafaka, maghala, mbolea. Kiongozi wa Upinzani akashukuru kwa majibu mazuri, akaomba swali moja la nyongeza: na Rais mwenyewe anakula nini? Spika, kijana ambaye hakuna aliyejua anakaa wapi, ila alikuwa akizipenda kanuni kuliko kitu kingine chochote, aliamua kwamba afya ya Rais ni suala la kitaifa na swali lijibiwe. Ilipita saa nzima. Rais akajibu kwamba anakula vizuri. Upinzani ukaomba ufafanuzi wa neno vizuri. Rais akasema mkate na chai. Asubuhi, upinzani ukasema, ni sawa, na jioni? Jioni pia, akajibu Rais, na Waziri wa Kilimo akaomba isiingie kwenye kumbukumbu za Bunge.

Ikawa hivyo kila siku. Mama Chiriku alikuwa akimaliza zamu bwenini anakaa kwenye benchi la nje, miwani puani, anaikalia serikali kooni. Aliuliza kuhusu makazi ya Rais na kama yana dirisha. Aliuliza kama Rais ana marafiki, au ana mawaziri tu. Chiriku alijibu yote, kwanza kwa ukali, baadaye kwa urefu, na siku moja alieleza aya nzima kuhusu jirani yake anayefuga kasuku. Fundi aliyasoma dukani huku gesi ya mteja ikivuja bila yeye kuisikia. Wenye mtandao waliandika kwamba Kaskazini-Kusini ni nchi iliyo macho kuliko zote. Hakuna mwanachama wa kawaida aliyepata kuwa na furaha kama ya fundi.

Halafu mkewe akauliza swali jingine. Mwezi uliopita, aliandika, kwa mujibu wa kumbukumbu za Bunge, Rais hakuonekana bungeni wiki nzima. Alikuwa wapi?

Jibu lilichelewa mpaka kesho yake: ziara ya kikazi.

Fundi alilisoma akaweka bisibisi chini. Alijua Rais alikuwa wapi. Alikuwa hospitali, amepasuliwa kidole tumbo, na alimpigia baba yake kutoka kitandani kwa sauti ndogo, akamwapisha asimwambie mama, maana mama atasema amejitakia. Fundi aliapa. Kunyamaza ilikuwa kazi aliyoijua kuliko hata friji.

Jioni ile mezani mkewe alisema Rais anadanganya. Bweni zima la wasichana limemdanganya kwa miaka, hawezi kushindwa kuutambua uongo ukipita mbele yake. Akamwuliza mumewe kama kuna kitu anakijua. Fundi akamjibu angejulia wapi, akaomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake.

Kesho yake Kiongozi wa Upinzani akaleta hoja ya kutokuwa na imani na Rais, kwa kosa la kulidanganya Bunge. Muda si muda Chiriku akamwandikia baba yake pembeni. Alisema amechoka, Bunge likimwondoa, na mchezo anauacha moja kwa moja. Fundi akaenda kuzisoma kanuni, kwa mara ya kwanza tangu awe mwanasiasa, na humo akakuta pa kupumulia: hoja ya namna hiyo haipigiwi kura mpaka kila mbunge wa chama kilichoileta awe amezungumza. Mmoja akinyamaza, hoja imekufa. Yaani hakutakiwa kufanya kitu. Angekaa tu kama alivyozoea kukaa, na binti yake angebaki pale, na mabwawa, na mgongo, na vicheko vyote.

Hoja ilijadiliwa Jumamosi mchana. Mume na mke walikuwa sebuleni, kila mtu na kiti chake na simu yake. Muuza vipuri alizungumza kutoka dukani kwake, akaunga mkono hoja na kulaani kupanda kwa bei ya bomba la shaba. Spika akamwita mbunge wa tatu. Fundi akaegemea kiti. Spika akamwita tena, akakumbusha kwamba akiitwa mara ya mwisho bila kujibu, hoja inatupwa.

"Andika," mkewe akasema.

Hakuandika. Akageuka kumtazama, akidhani atakuta ule uso wa bwenini. Hakuukuta. Mkewe alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili.

"Sina haja ya kumwangusha mtu," alisema Mama Chiriku. "Nataka kujua kama mwanangu ni mzima. Siwezi kumwuliza vingine, Baba Chiriku. Nilishajifungia njia mwenyewe."

Fundi aliinamia simu. Vidole vyake vilikuwa vinene kwa kazi hiyo na alifuta mara nyingi kuliko alivyoandika.

"Mheshimiwa Spika," aliandika, "Rais alikuwa hospitali. Alipasuliwa. Mimi nilijua na nyumbani sikusema. Hata siku anaondoka nilikuwepo. Nilitaka kumwambia Rais asiondoke hivyo, na nilitaka kumwambia Kiongozi wa Upinzani asimfukuze. Sikumwambia yeyote kati yao. Naunga mkono hoja."

Spika akazipekua kanuni, hakuiona ya kutaja. Kwenye kioo yakatokea maneno kwamba Kiongozi wa Upinzani anaandika, na fundi hakuhitaji kusoma, alikuwa anamwona. Aliandika, akafuta, akaandika.

"Ulipozinduka," aliuliza, "nani alikuwa kando ya kitanda?"

Halikuwa swali la msingi wala la nyongeza. Rais alijibu hapo hapo.

"Hakuna, mama."

Mama Chiriku aliinuka na simu sikioni, akaingia chumbani, akafunga mlango. Fundi aliisikia sauti yake kupitia mbao, kwanza ile ya kuhesabu wasichana kabla ya kulala, halafu nyingine ambayo alikuwa hajaisikia siku nyingi. Maneno hayakusikika, na hakusogea karibu ili yasikike. Simu ya fundi ilitikisika mara moja. Chiriku alikuwa amemwandikia: Baba, nilikuomba. Akajibu kwamba anajua. Hakupata jibu jingine siku hiyo, wala iliyofuata.

Hoja haikupigiwa kura, maana aliyeileta hakutoka chumbani kuidai. Jumatatu Kiongozi wa Upinzani alijivua uanachama, akieleza kwamba hana muda wa siasa, na Chama cha Maswali kikabaki na watu wawili. Muuza vipuri alizunguka mtaa mzima kumtafuta wa tatu, akaambulia patupu. Mwisho wa mwezi wenye mtandao wakatekeleza walichosema. Raia milioni arobaini walifutika saa za kazi, watu wakiwa na shughuli zao, na aliyelia ni Spika peke yake.

Siku ile fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji la mwenye saluni. Alipoufungua ukurasa na kukuta hakuna nchi, alikaa chini sakafuni. Alikuwa na mengi ya kumwambia binti yake, na la kwanza lilikuwa kumwomba radhi, safari hii kwa mdomo. Akapiga. Akaambiwa namba hiyo inatumika. Akangoja, akapiga tena, inatumika. Akaona ampigie mkewe bwenini, amwulize kama ana habari za mtoto, mbona hapatikani. Namba ya mkewe nayo ilikuwa inatumika.

Alibaki ameishika simu sikioni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alifurahi, na humo humo kwenye furaha akaona wivu, wivu wa wazi kabisa, wa mtu aliyewafungulia wenzake mlango, kisha yeye akabaki nje. Muuza vipuri alichungulia akauliza kama kuna habari yoyote ya chama. Fundi akamwambia wako kwenye mazungumzo, na yeye hajaalikwa.

Kisha akaweka simu juu ya friji, pale atakapoisikia ikiita, akarudi kwenye kompresa.