Amana ya Hewa

Asmaa alipofika nyumbani kwa ami yake kule Junda, alimkuta amekaa mkekani ukumbini, anajifunga viatu vya mpira kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na bendeji kutoka kiwikoni hadi vidoleni. Wakata mikoko walikuwa wamempiga kwanza kwa ubapa wa panga, na alipokataa kuondoka wakamgeuzia makali. Daktari alimwonya asiushughulishe mkono ule mpaka nyuzi zitolewe.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisaidie kamba hii."

"Unakwenda wapi?"

"Maji yametoka," Mwidani akajibu, akimshangaa. "Nitakwenda wapi tena?"

Asmaa hakuigusa kamba. Kutoka jikoni, Dhahabu, mkewe Mwidani, akapaza sauti: "Mwambie wewe! Mimi kwake ni redio mbovu. Naunguruma tu, hakuna anayesikiliza."

"Redio mbovu huzimwa," Mwidani akasema. "Wewe huzimiki."

Walicheka wote watatu, kisha kicheko kikakatika, maana kila mmoja alikumbuka maneno aliyokuja nayo Gershom, muuza maji, siku moja kabla. Aliyatoa akiwa amesimama mlangoni, bila kushusha mitungi kwenye mkokoteni. "Wale watu wa ng'ambo wanakusalimu, mzee. Wamesema safari hii walizionea haya mvi zako. Safari nyingine hawatakuwa na haya." Alikwenda zake akisukuma mkokoteni, na tangu hapo Dhahabu hakupata usingizi.

Watu wa ng'ambo walikuwa wapika pombe ya chang'aa na wachoma makaa waliovuka mkono wa bahari kutoka upande wa Mikindani. Mwidani alikuwa akiilinda mikoko isifikiwe na mashoka yao. Zamani walikuwa walinzi wanne, wote wa kampuni iliyosimamia msitu ule. Kampuni iliposimamisha mishahara, watatu wakatafuta riziki kwingine, mmoja bodaboda, wawili kwenye mijengo. Mwidani peke yake ndiye aliyeendelea kushuka matopeni kila maji ya bahari yakitoka na matope kubaki wazi, na hapakuwa na mtu wa kumlipa hata shukrani.

Watu walimwona punguani. Asmaa alijua kwamba ami yake hana upunguani wowote. Kilichomshika pale ni neno moja, na neno hilo alilileta Asmaa mwenyewe.

Alikuwa ndiyo kwanza ametoka chuoni na shahada yake ya mazingira, moyo umemjaa kama tanga. Kampuni ilimwajiri awaeleze watu wa kwao biashara mpya. Mambo yenyewe yalikuwa hivi: kuna mashirika ya mbali, ya ndege na ya viwanda, yanayotoa moshi mwingi. Hakuna sheria inayoyalazimisha kulipa, lakini kwa hiari yao, au kwa kuogopa kusemwa, yanawalipa wenye misitu waiache isimame, kwa kuwa miti hufyonza ile hewa chafu na kuifungia ndani ya matope. Kila kipimo cha hewa iliyofungiwa hutolewa hati, na hati hizo huuzwa na kununuliwa. Wakati ule bei ilikuwa juu, wawekezaji wakigombania kila jani la mkoko.

Mkutano ulifanyika uwanjani penye shule ya msingi. Watu walisikiliza, kisha Selpher, mama mmoja wa asili ya Rabai ambaye ulimi wake haukuwahi kulala, akauliza: "Mwanangu, yaani tunauza hewa? Na mnunuzi ataibebea nini, gunia?" Uwanja mzima ukacheka. Mwidani hakucheka. Alisimama akasema kwamba samaki aliye baharini hauzwi, ndege aliye angani hauzwi, sembuse hewa. Biashara isiyokabidhiwa mkono kwa mkono aliiogopa.

Asmaa aliona mkutano unamponyoka. Alitafuta neno la kuwatuliza, na neno likaja lenyewe. "Hamuiuzi, ami. Mnamwekea mwenyewe. Ni amana."

Papo hapo uwanja ukatulia. Hata Selpher aliacha kutafuna. Mwidani alilirudia neno lile polepole, kama anayepima uzito wake mkononi: "Amana." Kisha akasema, "Kama ni amana, hilo tunaliweza." Wakatia saini siku ile ile.

Ofisini Asmaa alipongezwa. Neno likachapwa kwenye fulana na kuwekwa kwenye mtandao pamoja na picha ya Mwidani akiwa kati ya mizizi, wawekezaji wakalipenda. Ambacho Asmaa hakukiwazia ni kwamba watu wa Junda walilichukua kama lilivyo. Chombo cha watu ulichoachiwa hukitumii, hukipunguzi, wala hukichoki. Unakaa nacho mpaka mwenyewe aje au aseme nimekuachilia. Kwa hiyo akina mama waliacha kuokota hata tawi lililokauka. Dhahabu, aliyekaanga viazi karai kwa kuni za mikoko tangu aolewe, akaanza kununua makaa. Na makaa yale, kwa jinsi yalivyokuwa mazito na yalivyoshika moto, kila mtu aliyajua ni ya mkandaa, aina ya mkoko, yamekatwa kule kule chini alikopigiwa mumewe.

Baadaye magazeti ya nchi za nje yakaandika kwamba misitu mingi iliyouziwa hati haikulindwa kwa lolote, ila kwa makaratasi tu. Wanunuzi wakakimbia. Bei ikaanguka. Kampuni ikapunguza watu, na Asmaa akawa miongoni mwao.

"Usishuke leo, ami," alisema sasa, akaishika ile kamba ya kiatu asiifunge. "Nipe siku moja. Nitamwendea mwenyewe, mwenye amana, anitolee neno kwamba amekuachilia."

Mwidani aliinua macho. Uso wake ulikuwa umechoka kuliko mkono wake. "Akisema hivyo, mwanangu, nalala. Wallahi nalala kama mtoto mchanga. Unadhani mimi napenda matope?"

Akavua viatu.

*

Ofisi ya kampuni ilikuwa Mkomani, ghorofa ya juu ya jengo lenye duka la vipodozi chini. Morgan, aliyekuwa mkubwa wake Asmaa, ndiye pekee aliyebaki kwenye chumba kilichokuwa na meza sita. Alifurahi kumwona.

"Asmaa wa Amana! Karibu. Chai ipo, maziwa ndiyo hayapo. Tumebana matumizi mpaka ng'ombe amejua."

Asmaa alikaa. Alimweleza habari ya mkono na habari ya vitisho, na Morgan akaacha mzaha. Alikuwa mtu wa huruma, jambo hilo Asmaa hakulikana hata baadaye.

"Nilimwandikia barua ya kumwachisha kazi," Morgan akasema. "Nilimwambia asishuke tena."

"Mlimwachisha kazi. Amana hamkumwachilia. Mpigie simu, umwambie maneno mawili tu. Tumeiachilia. Basi."

Morgan aligeuza kompyuta Asmaa aone. Palikuwa na mchoro: mstari uliopanda kwa miaka kadhaa, ukaporomoka, na kutoka pale chini ukaendelea kwa vidoti, ukipanda mpaka kona ya juu kabisa ya kioo.

"Hivi vidoti ni nini?"

"Makadirio. Wachambuzi wanasema soko litakua mara nyingi kabla ya muongo huu kwisha. Mikoko hasa. Wawekezaji wamehamia kwenye mitambo ya kunyonya hewa na miradi mikubwa, lakini watarudi." Akasugua macho. "Kusema kweli, Asmaa, siku hizi tunauza hivyo vidoti tu. Msitu wenu ni mdogo, hauwezi hata kumlisha mkaguzi wa hizo hati. Lakini haki ya ile hewa tunayo kwa miaka thelathini, na haki ndiyo wanayoishika wenye fedha. Nikitamka kwamba tumeachilia, imetoka."

"Na miti ikikatwa?"

"Hasara kama hizo zina akiba yake. Kuna hati zimewekwa kando."

"Na ami yangu, kuna nini kimewekwa kando?"

Morgan alikoroga chai isiyokuwa na sukari. Nje, mtu alikuwa akiteremsha pazia la chuma la duka. Aliponena tena, sauti yake haikuwa na ukali wowote, na ndiyo maana ilimwingia Asmaa mpaka ndani.

"Mimi sikuwahi kuwaambia ni amana. Mkataba hausemi hivyo. Neno lile ni lako."

*

Njiani kurudi Junda alikuwa na matumaini bado, kwa kuwa alikuwa hivyo, hakujua kuishi bila matumaini. Alipanga kumweleza ami yake ukweli wote: kwamba hakuna mwenyewe, hakuna mtu mahali popote anayeiwaza mikoko ya Junda akilala, kuna mstari wa vidoti tu. Mtu mwenye akili zake angeelewa na kubaki nyumbani.

Lakini alipoingia ukumbini alimkuta Mwidani ameoga, amevaa kanzu, anangoja kama anayengoja posa. Viatu vya mpira vilikuwa mlangoni, tayari, vimeelekezwa nje. Hapo Asmaa akaelewa jinsi atakavyojibiwa. Mwenyewe akikosekana, aliyeachiwa hawi huru. Anabaki na mzigo mpaka kufa kwake, maana hakuna wa kumtua.

"Umemwona mwenyewe?"

"Nimemwona."

"Amesemaje?"

Dhahabu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi, hapumui.

"Ameiachilia, ami."

Mwidani aliinama. Aliutazama mkono wake wenye bendeji, kisha akainua uso. "Kwa ulimi wake?"

"Kwa ulimi wake."

"Sema wallahi."

Asmaa hakuwahi kuapa uongo maishani mwake. Hata utotoni, alipovunja bilauri za wageni, alikiri kabla hajaulizwa. Alihisi neno limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akawaona wale watu wa ng'ambo na mapanga yao, akaiona hiyo safari nyingine.

"Wallahi," akasema. Na kwa kuwa lilikwisha kutoka, yaliyofuata yakatoka kwa urahisi wa kutisha. "Wallahi, ami. Amesema mmetunza vya kutosha. Amesema yuko radhi nanyi nyote."

Mwidani alijifunika uso kwa kiganja kimoja. Mabega yalimtikisika. Dhahabu akaja akaketi kando yake, mwiko ungali mkononi, wala hakumtania.

"Alhamdulillahi," mzee alisema hatimaye. "Alhamdulillahi. Mtu mwungwana, huyo. Mungu amlipe." Kisha akajinyoosha pale pale mkekani na kulala, jua likiwa bado juu.

Asmaa alilala hapo kwa ami yake usiku ule. Habari ilikuwa imeshatoka nje kabla ya maji kutoka, na asubuhi akina mama wa kikundi cha mikoko walijaa uani na mapanga na kamba. Selpher ndiye aliyekuwa mbele.

"Asmaa, wasema mwenyewe ametufungua? Sema kweli, maana mimi nimeshachoma mpaka mlango wa choo. Sasa jirani wananipungia mkono nikiwa humo ndani."

Walicheka, lakini macho yote yalikuwa kwake. Ikabidi aape tena, mbele ya wote, mchana kweupe. Mara hii neno halikumkwama popote.

Wakashuka. Asmaa alikwenda nao, miguu ikimzama hadi magotini. Upande wa Mikindani ulikuwa umeshakatwa, visiki vimebaki wima matopeni kama meno yaliyovunjika. Upande huu bado palikuwa na kivuli, na miche waliyoipanda wenyewe mwaka ule wa fulana ilikuwa imefika vifuani mwao, imeanza kutoa mizizi ya kuegemea. Walianza na matawi makavu, kwa aibu aibu. Kisha mmoja akasema wakiacha mibichi, wale wengine wataichukua kesho, na mzee hayuko tena. Hakuna aliyembishia. Asmaa alikuwa amesoma miaka minne jinsi mti ule unavyoshika ardhi na kulisha samaki. Lakini aliyeapa kwamba mwenyewe ameachilia angewezaje sasa kusema acheni?

"Huu niliupanda mimi," Selpher akasema akiushika mche mmoja kwa shingo. "Nikauimbia na kuuimbia. Kumbe nilikuwa naotesha kuni zangu mwenyewe." Akaukata kwa pigo moja. Mara hii hakucheka.

Kwa mbali, kutoka ng'ambo, wanaume wawili walisimama wakawatazama, kisha wakavuka kwa miguu pale maji yalipokuwa haba, taratibu, bila haraka wala ugomvi, wakaanza kukata nao miti upande huu. Mmoja wao hata aliwaamkia akina mama. Walijibu.

Maji yalipoanza kupanda, wakagawana. Nyumbani Mwidani alikuwa angali amelala, mara ya kwanza kupitisha alfajiri tangu Asmaa amjue. Mafungu yalifungwa kwa kamba, kila mtu lake. Dhahabu akachagua moja lililo kubwa kuliko mengine, akaja nalo mpaka aliposimama Asmaa.

"Hili lako."

"Mimi sina jiko la kuni, mama."

"Utapata. Wewe ndiye uliyetufungua. Hata wakikusahau wao wa kampuni, sisi tutakusahau?"

Wote walikuwa wakimtazama kwa upendo. Asmaa akainama akatwishwa. Kuni zilikuwa mbichi, majani bado yamo, na maji ya chumvi yakamchuruzikia usoni. Akasema asante, kwa sababu angekataa wangemuuliza kwa nini.