Uzi wa Kambi

Mama Povu alikuwa hajamaliza kusuuza beseni la kwanza mjumbe alipoingia uani bila hodi. Alikuwa amevaa shati lake la kijani, lile alilolichukua kwake jana likiwa bado na joto la pasi.

"Shuka jeupe," alisema. "Wageni wanaingia leo. Kila mtaa utundike bendera nyeupe."

"Hilo ni la mteja, mjumbe."

"Mteja yupi? Mwenye gesti kakimbia. Lete, mama, usinicheleweshe. Na kipande cha sabuni, kama kipo."

Bei ya sabuni ilikuwa haishikiki, na mjumbe hakuwahi kulipa hata ilipokuwa rahisi. Lakini haikuwa siku ya kubishana na mtu mwenye mdomo. Mama Povu alimpa shuka, akamnyima sabuni, akarudi kwenye beseni lake.

Jeshi la serikali lilikuwa limeondoka usiku, malori yamezima taa, bila kumuaga hata mpika chai wao. Waasi waliokuwa wanakuja waliitwa wa mlimani. Mtaa ulikuwa kimya. Hata kuku walifungiwa ndani. Mumewe, fundi baiskeli, alichuchumaa mlangoni akiziba pancha isiyo na haraka, maana mikono yake haikujua kukaa bure.

"Kuna nguo za kambi zilizobaki?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna hata soksi. Nilishazirudisha zote."

"Basi afadhali. Hawana cha kutukamata nacho."

Ndivyo walivyodhani, na nani angewalaumu? Dobi lazima atie alama. Mama Povu alishona uzi ndani ya kola, kila mteja na rangi yake: wa buluu kwa mtaa, mweusi kwa gesti, mwekundu kwa kambi. Maduka yalipofungwa nyuzi nyingine zikaisha, ukabaki mwekundu, ule aliopewa na wanajeshi wenyewe. Akautumia kwa kila mtu, akitofautisha kwa mishono: miwili ya mwalimu, mitatu ya muuza mkaa. Alijiona mjanja, na kwa kweli hakuna shati lililopotea.

Wa mlimani waliingia jua likiwa utosini. Walilipita shuka la mjumbe bila kulitazama. Wanaume wote wakaitwa kisimani, wanawake wakafuata kwa mbali. Kamanda wao, kijana mwenye sauti ya upole, alishika gwanda lililookotwa kambini. Aliigeuza kola ya gwanda hilo watu waone uzi mwekundu.

"Kuna askari hawakukimbia," alisema. "Wamevua magwanda, wakavaa mashati. Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Sasa, magwanda yote tuliyoyakuta kule yana uzi huu. Kwa hiyo tutatazama kola."

Mama Povu aliwatazama wanaume wale mmoja mmoja, na kila aliyemtazama alikuwa amemfulia.

Wa kwanza kugeuzwa kola alikuwa mwalimu. Wakamweka kando. Muuza mkaa, kando. Fundi baiskeli alimtafuta mkewe kwa macho, kisha akaikunjua kola mwenyewe kabla hajaguswa. Naye wakamweka kando.

Mama Povu akawapenya wanawake waliokuwa mbele yake. "Mkuu, huo uzi ni wangu. Mimi ndiye dobi. Nilifua za kambi, nikafua na za hawa. Uzi mwingine uliisha madukani. Huyu ni mume wangu, anaziba pancha. Tazama mikono yake."

"Kwani askari hana mikono michafu?"

"Muulize yeyote hapa."

Mjumbe akajitokeza bila kuulizwa. "Mkuu, mama huyu ni mtu wa kambi, mtaa mzima unajua. Mimi ndiye niliyewawekea bendera."

Kamanda alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu akanyoosha mkono, akaigeuza kola ya lile shati la kijani.

Siku nyingine mtaa ungecheka mpaka jioni. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Mjumbe alipandishwa kwenye lori pamoja na wenzake, bado akieleza habari za shuka.

"Wataulizwa maswali tu," kamanda aliwaambia wanawake. Walilikimbilia lori mpaka vumbi likawashinda. Kisha wakarudi majumbani, wakachukua nyembe na kuanza kufumua uzi kwenye kola za mashati ya watoto. Hakuna aliyemtukana Mama Povu. Mke wa mwalimu alimpita akitazama chini, na hilo lilimuuma kuliko tusi.

Jioni askari mmoja wa mlimani alitupa mzigo wa magwanda uani kwake.

"Kamanda anataka yakauke kesho. Utalipwa."

"Mume wangu yuko wapi?"

"Mimi nimetumwa nguo, mama."

Mama Povu alitazama kambani. Hakuwa ameanua: suruali ya mwalimu, koti la muuza mkaa, ovaroli la mumewe.

"Kamba imejaa," alisema. "Wenye nguo hizi wakija kuzichukua, nitafua zenu."

Askari aliishika suruali ya mwalimu, akaisugua kwa vidole. "Mbona hizi zimeshakauka?"

"Najua," alisema Mama Povu, akaketi chini ya kamba, mzigo ukiwa palepale ulipoangukia.