Friji Iliyopitia Dirishani

Friji mpya ilisimama mchangani mbele ya trela langu, nyumba yangu ya magurudumu, nyeupe pepepe, bado imevaa nailoni yake ya dukani, nami nilisimama kando yake nikiwa na futi mkononi na aibu usoni. Tundu la kuwekea friji jikoni nilikuwa nimelipima mara kumi na moja. Nilipima urefu, upana na kina, na nyuma nikaacha inchi mbili za kupitisha joto. Kitu kimoja tu sikukipima, nacho kilikuwa wazi mbele yangu tangu asubuhi, tena ndicho ninachokipita mara ishirini kwa siku. Ni mlango.

Mlango wa trela una inchi ishirini na tatu na nusu. Friji ina ishirini na nne upande mmoja na ishirini na tano upande wa pili, na hapo tumeshaing'oa milango yake. Tuliigeuza hivi, tukaigeuza vile, tukaisimamisha, tukailaza. Chuma hakibembelezwi. Mwisho tukaiacha pale pale mchangani, tukafutana jasho.

Nasema "tuli-" kwa heshima tu, maana tuliofanya kazi tulikuwa wawili, mimi na jirani yangu Rosalía Ybarra. Wengine walikuwa wamekaa. Hapa kwetu, kwenye kambi ya matrela jangwani nje ya mji wa Yuma, mtu akianza kurudisha trela nyuma au akionekana na spana mkononi, wanaume hutoka na viti vyao vya kukunja na vikombe vya kahawa, wakajipanga mstari kama watu waliokata tikiti. Hakuna anayewaalika. Merle, marehemu mume wangu, aliwaita Kamati, naye aliketi kati yao kila majira ya baridi kwa miaka tisa, akitoa maoni kuhusu kazi za watu.

"Shemeji," akasema Harlan Biggs, fundi bomba mstaafu kutoka Nebraska, ambaye sasa ndiye mkubwa wa viti vile, "kwani ile ya zamani ilitokaje?"

Ilitoka mlangoni, nikamjibu, na hicho ndicho kilichoniponza. Friji za gesi za matrela hutengenezwa nyembamba makusudi ili zipite. Hii yangu ilitengenezwa kwa ajili ya nyumba, na nyumba zina milango ya watu wazima. Kamati ikacheka. Mmoja akapendekeza nikate ukuta. Mwingine akasema niiache nje, niifungie kofia ya jua. Nikacheka nao, huku nikihesabu siku.

Siku ile ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi mwanangu Curtis alikuwa anakuja kunichukua.

Ninaugua kisukari. Insulini yangu inataka ubaridi wa kati ya nyuzi thelathini na sita na arobaini na sita za Farenhaiti, juu kidogo ya barafu, si zaidi, na ile friji ya gesi, jua likiwaka sawasawa, ilikuwa inafanya ilivyotaka. Mwezi wa Oktoba iliniharibia dawa nami sikujua. Nikajidunga maji matupu siku nne. Rosalía ndiye aliyenikuta nimelala kwenye ngazi za trela, shavu kwenye chuma. Curtis alipanda ndege kutoka Ohio, akakaa kando ya kitanda changu hospitalini siku tatu bila kunyoa ndevu, kisha akatoa masharti. Jumamosi ya kwanza ya Februari atakuja. Akikuta trela lina kitu cha baridi cha kuaminika, sawa. Asipokuta, trela litauzwa, nami nitahamia kwake, kwenye chumba cha chini ya nyumba chenye dirisha moja la kuchungulia nyasi. Nikakubali. Nilikuwa na dripu mkononi, na mtu mwenye dripu hukubali lolote.

Friji ya nyumbani, ukishaisafirisha, lazima isimame wima siku nzima kabla ya kuwashwa, mafuta yake yatulie. Kwa hiyo iingie leo au isiingie kabisa. Duka lilisema kubadilisha kutachukua wiki mbili.

"Merle angejua la kufanya," akasema mtu mmoja kutoka kwenye viti. Alisema kwa upole, Mungu amsamehe.

Maneno yale yalinichoma. Nikaingia ndani, nikajibwaga kwenye benchi la meza ya chakula, nikageukia dirisha ili wasinione uso. Nilimkasirikia yule aliyesema, nikajikasirikia mwenyewe, halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamkasirikia na Merle kwa kufa. Mkono wangu ulikuwa umeegemea fremu ya dirisha. Vidole vikaanza kutembea vyenyewe pembeni, wakati moyo uko mbali, vikahesabu vichwa vya skrubu. Moja, mbili, tatu. Vilipofika kwenye kona vilijua skrubu inayofuata iko wapi kabla ya kuigusa.

Nikaacha kulia. Nilikuwa nalia, nakiri.

Mimi nilifanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha matrela huko Indiana. Nilikuwa kituo cha nne, kituo cha madirisha. Madirisha ishirini na mbili kwa siku, utepe wa gundi, fremu ya nje, fremu ya ndani, skrubu, geuka, lingine. Tena pale kiwandani kitu cha kwanza kuingia juu ya sakafu ni jiko, sofa na friji, kuta zinafuata baadaye. Kila mtu wa Indiana aliyewahi kufanya zamu ya asubuhi kiwandani analijua hilo. Katika watu wote wa kambi ile, ni mimi peke yangu niliyepaswa kukumbuka kwamba trela hujazwa kwanza, ndipo likafungwa. Badala yake nikapima tundu mara kumi na moja, kama mpangaji asiyejua nyumba ilivyojengwa.

Nililisahau vipi? Nililisahau kwa kupumzishwa. Siku tuliyolinunua trela hili nilishika bisibisi nikaze bawaba, Merle akaichukua mkononi mwangu taratibu, akasema umefanya kazi ya kutosha, mama Curtis, sasa pumzika. Nikapumzika miaka tisa. Alifanya kila kitu, na alifanya vizuri, na mimi nikawa mtu wa kushika tochi. Nilimpenda mume wangu na siku ile nilimkasirikia, yote mawili kwa pamoja, na sioni haja ya kuchagua moja.

Nilitoka nje nikiwa na bisibisi.

"Harlan, inuka. Nataka mtu wa kulipokea dirisha kwa nje."

Harlan akalitazama lile dirisha kubwa la mezani, inchi thelathini kwa sitini, akanitazama na mimi. "Shemeji, ukiling'oa hilo halirudi kama lilivyokuwa. Utaishi na upepo na mvua humo ndani."

"Nimepachika madirisha mengi kuliko nywele ulizobakiwa nazo," nikamwambia. "Inuka."

Rosalía akaangua kicheko hadi akashika mbavu. Harlan akavua kofia, akajipapasa kichwa kana kwamba anahesabu, kisha akainuka. Na alipoinuka yeye, mstari mzima ukainuka, maana hakuna aliyetaka kubaki ameketi peke yake.

Nilifungua skrubu thelathini na nne na kuzipanga kwenye bati la kuokea keki kwa mpangilio zilivyotoka. Nikapitisha kisu chembamba kuzunguka gundi ya zamani, polepole, bila kuichubua rangi. Nikabonyeza kona ya juu kwa kiganja. Dirisha likalegea, likatoka zima zima, likaangukia mikononi mwa Harlan bila ufa. Upepo wa jangwani ukaingia jikoni kwangu na vumbi lake, nami sikujali.

Tuliikunja meza. Nje, wanaume wakailaza friji chali kwenye pikapu ya Harlan, wakaisogeza hadi chini ya dirisha, wakainyanyua sita kwa pamoja na kuiingiza miguu yake ikitangulia. Ndani tulikuwa mimi na Rosalía, ambaye alifanya kazi ya kugeuza wagonjwa vitandani miaka thelathini. Akaikumbatia kiunoni, akaniambia tuhesabu hadi tatu, na usivute kwa mgongo, mwenzangu, vuta kwa miguu. Ilipita na nafasi ya kuingiza ngumi ikabaki.

Kazi iliyofuata ilikuwa yangu. Niliisukuma tunduni, nikairudishia milango yake, nikapigilia mbao mbili kuizuia miguu, nikaifunga mikanda miwili ya chuma kwenye nguzo za ukuta, maana friji ya nyumbani haijui kwamba nyumba inaweza kutembea. Bomba la gesi nilimwachia Harlan alizibe, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake na alikuwa anatamani kuombwa. Tundu la hewa la nje, la ile friji ya gesi, nikaliziba kwa ubao mnene. Inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani nikaiunga nikifuata michoro ya Merle, iliyoandikwa kwa ule mwandiko wake wa kuku. Hapo nilimshukuru kwa sauti. Kisha nikarudisha dirisha, gundi mpya, skrubu thelathini na nne, kila moja mahali pake. Harlan akachukua mpira wa maji akalimwagia dirisha lile dakika kumi nzima, kwa bidii ya mtu anayetafuta kosa. Ndani nilipapasa kona zote nne kwa karatasi ya chooni. Ikabaki kavu.

"Haya," akasema Harlan, akafunga bomba. Kwake yeye hiyo ni hotuba.

Curtis alifika Jumamosi saa nne asubuhi na pikapu ya kukodi, na kisanduku cha barafu kwenye kiti cha abiria kimefungwa mkanda kama mtoto. Ndani yake mlikuwa na insulini yangu ya miezi mitatu. Akanikumbatia, akaingia, akafungua friji, akasoma kipimajoto. Thelathini na nane. Akaifunga, akaifungua tena. Akaivuta kwa mikono miwili, haikutikisika.

"Hapa imesimama, Mama," akasema. "Ikitembea je?"

Lilikuwa swali zuri, swali la baba yake hasa. Nikamwambia aunganishe trela kwenye pikapu. Nikaweka trei la mayai thelathini kwenye rafu ya kati, nikabana kufuli ya mlango wa friji, nikanyoosha mkono anipe ufunguo.

"Unaendesha wewe?"

"Ni nyumba yangu."

Barabara ya kwenda kwenye mfereji wa kumwagilia mashamba ni maili kumi na moja za changarawe iliyojikunja kama bati, na sikuikwepa hata mikunjo mibaya. Meno yalitugongana. Curtis alikuwa ameshika mpini wa mlango, akigeuka kila mara kutazama nyuma, kana kwamba angeweza kuona ndani ya ukuta. Tulipogeuza mferejini, akaniambia, bila kunitazama, kwamba tangu Oktoba analala na simu chini ya sikio. Kila ikilia usiku, hata ya mtu aliyekosea namba, anakuwa ameshatoka kitandani kabla hajaamka sawasawa.

"Na mimi naogopa, mwanangu," nikamwambia. "Lakini kile chumba chako cha chini nakiogopa zaidi. Nikiingia mle nitakaa vizuri sana, na sitainuka tena."

Tuliendelea kutikisika hadi kambini.

Kamati ilikuwa tayari kwenye viti. Katika miaka tisa hakuna aliyewahi kuniona nikirudisha trela nyuma, hata mimi mwenyewe. Jaribio la kwanza lilikwenda upande, nusura niigonge meza ya Rosalía. Harlan akaanza kupunga mikono kunielekeza. Nikateremsha kioo, nikamwomba akae chini. Nikasogea mbele, nikanyoosha usukani, nikarudi polepole nikitazama kioo cha kushoto tu, kama madereva wa kiwandani walivyokuwa wakifanya uani, hadi magurudumu yakakaa juu ya alama zake za zamani mchangani. Nikazima gari. Hakuna aliyepiga makofi. Harlan aliinua kikombe chake cha kahawa juu kidogo, na wengine wakainua vyao.

Curtis alinitangulia ndani. Akafungua kufuli, akafungua mlango. Mayai thelathini yalikuwa pale, mazima yote, na kipimajoto kilisoma thelathini na tisa. Alisimama pale muda mrefu hadi nikataka kumwambia afunge, ubaridi unatoka. Kisha akaenda dirishani, akapitisha kidole kwenye gundi mpya, pembe hadi pembe.

"Nani alipachika hili?"

Nikamwonyesha viganja vyangu.

Akatoka kwenda kwenye pikapu, akarudi na kisanduku cha barafu. Akapanga boksi za insulini kwenye rafu ya mlango, moja moja, lebo zote zikitazama nje, akafunga, akakaza kufuli. Barafu akaimwaga mchangani nyuma ya trela. Halafu akachukua kiti cha kijani cha baba yake kilichokuwa kimeegemea ngazi, akakikunjua, akaketi mwisho wa mstari.

"Unaondoka hapa lini?" akaniuliza kutoka pale.

"Joto likianza. Aprili hivi."

"Ohio iko njiani."

"Njiani kwenda wapi?"

"Kokote unakokwenda, Mama."

Harlan akakohoa, akasema kwa vile watu wameshakaa, huenda kukawa na chakula. Nikaingia ndani, nikafungua friji yangu, nikatoa mayai sita. Yalikuwa ya baridi hadi yakaniuma vidole.